Mwaka Ulio Chini ya Mshale

Kimulot,
kupitia S.L.P. 47, Litein.
3 Februari 1996

Mzee Gichana,

Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni yule mwalimu aliyekuja dukani kwako Silibwet wakati shule zilipokuwa zinafunguliwa, kumnunulia msichana wake sanduku la bweni, ukamkataza kuchukua lile la bluu ati bawaba zake zilipigwa na mlevi. Ulipokuwa ukijaribu kufuli uliniambia ulikaa miaka ishirini na mbili kwenye stoo za jeshi, na kwamba ukionyeshwa sanduku la risasi, hata kama limeolewa jikoni likitunza sukari, utalisoma kama mimi ninavyosoma rejista. Nilicheka sana siku hiyo. Leo nakuja na shida na sicheki.

Kijijini kwetu kuna kesi ya mpaka. Mjane mmoja anataka kuwagawia wanawe shamba. Mpima ardhi alikuja na kamba yake, akakuta shamba la huyo mama ni jembamba kuliko karatasi inavyosema. Limepungua upana wa mistari minne ya chai. Jirani yake, mzee mmoja wa hapa, akawaita wazee wa kokwet, baraza letu la kijiji, akachimba mpakani mbele ya macho yao, na likatoka sanduku la chuma la risasi. Akasema ni alama iliyowekwa na baba yake, kabla yeye mwenyewe hajaingia jandoni. Wazee waliridhika. Lakini kwa sababu lina herufi za Kizungu, walinipa mimi nilisome niwaambie ni la mwaka gani.

Tarehe 30 Machi mzee huyo atashika udongo wa mpaka na kula kiapo. Sisi twaita muma. Mimi ni Mkristo, na yeye ni mzee wa kanisa, lakini hapa hakuna mtu, aliyeokoka au asiyeokoka, anayecheza na muma. Ukiapa uongo haukuli wewe, unakula watoto wako na watoto wao.

Nisaidie kujua umri wa sanduku hili. Likiwa la kabla ya vita vya Hitler, kesi itakuwa imeisha na kila mtu atarudi kwenye chai yake.

Wako,
Mwalimu Rodah Chepchirchir

---

Silibwet,
S.L.P. 12, Bomet.
12 Februari 1996

Mwalimu Rodah,

Nakukumbuka. Uliniambia nipunguze bei, nikakataa, ukanunua. Mke wangu Syprose amesoma barua yako kabla yangu, na ameniamuru nijibu haraka kwa sababu ni mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu ninachokijua.

Kwanza, hilo sanduku limefungwa? Kama limefungwa, usiligonge, usiliweke karibu na jiko. Lipime uzito. Sanduku lililojaa risasi litakuvunja kiuno, na likiwa zito namna hiyo liache hapo hapo na uite polisi, usiniite mimi. Likiwa jepesi tunaweza kuongea.

Pili, rangi usiiamini. Rangi ni koti. Sisi tulipaka masanduku upya kila alipokuja afisa mpya na macho yake. Herufi zilizoandikwa kwa rangi nazo zinasema tu sanduku lilijazwa lini, na sanduku moja hujazwa mara nyingi. Unachotafuta ni chapa, yaani herufi zilizogongwa kwenye chuma chenyewe kilipokuwa kinatengenezwa. Futa matope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usitumie msasa, tafadhali! Angalia kifuniko, ubavu, na chini ya mkono wa kushikia. Utaona mshale wenye vidole vitatu kama unyayo wa kuku. Hiyo ni alama ya serikali ya Mwingereza. Karibu nao kuna herufi za aina ya sanduku, herufi za kiwanda, halafu mwaka.

Weka karatasi nyembamba juu ya chapa na usugue polepole kwa penseli laini. Itajitokeza yote. Nitumie karatasi hiyo pamoja na vipimo vya rula, na uniambie kama kifuniko kina mpira.

Jambo la mwisho, na ulielewe vizuri kabla hujawaambia wazee lolote. Mwaka wa chapa haukuambii sanduku lilizikwa lini. Lingeweza kukaa stoo miaka thelathini ndipo lizikwe. Unakuambia neno moja tu, kwamba halikuzikwa kabla ya hapo.

Sajini mstaafu Gichana Atuti

---

Kimulot,
21 Februari 1996

Mzee Gichana,

Asante kwa mafunzo, na umpe Mama Syprose salamu zangu nyingi kwa kukuamuru.

Nimelipima kwenye mizani ya kituo cha majani ya chai. Karani akaniuliza kama siku hizi walimu wanachuma vyuma. Ni kilo nne tu. Ukilitikisa kuna kitu kinasogea ndani, kikavu. Sijalifungua kwa sababu kifungio kimeshikwa na kutu. Urefu ni sentimita 28, upana 15, kimo 18. Rangi ya juu ni kijani na chini yake kuna kahawia. Mpira upo, umekauka lakini haujakatika.

Chapa nimeipata ubavuni, pamoja na mshale wako wa kuku. Karatasi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Penseli ilivunjika mwishoni kwa hivyo mwaka haukutoka wote, lakini niliuona kwa macho yangu. Ni 1934.

Naomba basi uniandikie barua fupi, yenye sahihi na cheo chako, kwamba sanduku ni la 1934. Wazee wataheshimu neno la mwanajeshi. Sipendi kukuharakisha, ila Machi iko mlangoni.

Rodah

---

Silibwet,
1 Machi 1996

Mwalimu,

Umekata karatasi.

Usikasirike. Penseli ikivunjika huacha mkwaruzo. Mkasi huacha ukingo ulionyooka. Mkasi wako umeniachia moja, tisa, na nusu ya kushoto ya namba inayofuata. Nusu hiyo ina kichwa bapa na mguu mfupi unaoshuka kushoto. Tatu haina mguu kushoto, ina matumbo mawili kulia. Hiyo ni tano. Wewe unawafundisha watoto namba, unajua kuliko mimi.

Hata bila karatasi ningekataa. Sanduku la vipimo hivyo, lenye mpira wa namna hiyo, sijawahi kulikuta likiwa la kabla ya vita, na nimeshika maelfu.

Barua unayoitaka siwezi kuiandika. Wacha nikuambie sababu, na hii naipeleka posta mwenyewe maana Syprose haijui. Mwaka 1971, katika kambi nisiyoitaja, nilitumwa kukagua masanduku. Afande alikuwa na haraka. Rangi ya sanduku ilisema mwaka mmoja na chapa za risasi zenyewe zilisema mwingine wa zamani sana. Risasi za zamani namna hiyo zilipaswa kutengwa. Nikaandika mwaka wa rangi, kwa sababu ndio uliomfurahisha afande. Wiki mbili baadaye, kwenye mazoezi ya shabaha, risasi moja ilipasuka nyuma ikamtoa askari jicho. Anaitwa Makori. Siku hizi anauza vitunguu hapa Silibwet, karibu kabisa na duka langu. Kila asubuhi ananiita, "Sajini!" na kunipungia mkono. Hajui. Chuma hakikudanganya, mwalimu. Karatasi yangu ndiyo iliyodanganya, na tangu siku hiyo sijala kitunguu cha Makori bila kukihisi kooni.

Sasa na wewe uniambie. Huyo mzee ni nani wako?

Gichana

---

Kimulot,
8 Machi 1996

Mzee Gichana,

Ni baba yangu.

Nimeona haya kuanza barua hii mara tatu. Nilikata karatasi kwa mkasi wa kushonea, nikiwa nimefunga mlango kama mwizi, mimi ninayewachapa watoto kwa kuibiana majibu. Mwaka ni 1954. Babu yangu alikufa 1947. Hawezi kuwa alizika sanduku lililotengenezwa miaka saba baada ya yeye mwenyewe kuzikwa.

Mjane niliyekuambia ni Wacuka, sisi wote tunamwita Mama Tabby. Yeye na marehemu mumewe Zacheus walikuja kutoka upande wa Nyeri mwaka 1965, wakanunua sehemu ya ba' mdogo wangu Kipruto, ndugu yake baba. Tabby wao nilikaa naye dawati moja hadi darasa la saba. Hapo yeye aliacha, akaolewa Molo. Mimi niliendelea. Mama Tabby ndiye aliyeniosha nilipojifungua mtoto wa kwanza, kwa sababu mama yangu alikuwa ameshatutoka.

Ujue pia kwamba nikisema 1934 hakuna atakayebisha. Wazee ni wetu, wanataka kumwamini baba, na kuna watu hapa, tangu mambo ya kufukuzana ya juzi juzi, wanaofurahia mama huyo akikosa. Angenyamaza tu na kuchuma kilichobaki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ni rahisi hivyo.

Lakini siogopi mistari minne ya chai. Naogopa muma. Nina watoto watatu. Dada yangu ana wanne. Baba atashika udongo kwa mkono wake, aseme neno, na neno hilo litaingia nyumbani kwangu. Na nikisimama mimi na kusema 1954, nitakuwa nimemvua baba yangu nguo mbele ya kijiji kizima, mzee wa miaka sabini na mbili.

Nifanye nini? Damu ni nzito kuliko maji, na mimi ninazama.

Rodah

---

Silibwet,
15 Machi 1996

Binti yangu,

Mimi ni fundi wa masanduku. Nitajibu kuhusu sanduku.

Lifungueni. Kilo nne si risasi, niko tayari kuweka duka langu rehani kwa hilo. Lakini usilifungue peke yako halafu umletee baba yako habari. Mfungulie yeye akiwa ameketi, mkiwa wawili, bila wazee. Mtu akishangazwa mbele ya watu hutetea hata asichokiamini. Ninajua.

Kifungio kitie mafuta ya taa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Kisha kibinye kwa kidole gumba huku ukibonyeza kifuniko chini, usikivute juu. Kikikataa, mpe baba yako. Wazee wanajua vyuma vya zamani.

Ukimaliza, mwonyeshe chapa. Usiseme lolote. Mwachie asome, na kama hasomi, mwongoze kidole chake juu ya namba.

Na kama utaona inafaa, barua yangu ya Makori unaweza kumsomea.

Gichana

---

Kimulot,
24 Machi 1996

Mzee Gichana,

Tulilifungua jana baada ya chai ya saa nne. Kifungio kilinikataa mimi, kikamkubali baba mara ya kwanza.

Ndani ni makaa, mzee. Makaa matupu, makavu, yamejaa hadi kwenye mpira. Babu aliweka mipaka yake kwa makaa kwa sababu hayaozi na mchwa hawayataki. Hilo nililisikia nikiwa mdogo nikalisahau. Baba hakushtuka. Aliyatazama kama mtu anayeangalia viatu vyake vya zamani.

Nikachukua kidole chake nikakipitisha juu ya namba. Moja, tisa, tano, nne. Akasema, "Najua. Nililinunua kwenye mnada wa mzungu aliyekuwa anarudi kwao."

Kisha akaniambia yote, bila hata kuinua sauti. Ba' mdogo Kipruto alipouza shamba bila kumwuliza, baba alikasirika mpaka chakula hakipiti. Kabla Zacheus hajaleta watoto na vyombo, baba alifukua makaa ya babu, akayatia kwenye sanduku, akalizika hatua nane ndani ya shamba lililouzwa. Mwaka uliofuata akapanda chai hapo, mistari minne.

Nikamwuliza, "Na kiapo, Baba?" Alikuwa ameshakifikiria, labda kwa miaka. Akanijibu kwamba akishika udongo atasema hivi: kilichomo ndani ya sanduku hili kilizikwa na baba yangu. "Hilo ni neno la kweli," akasema. "Muma hauli neno la kweli."

Hapo ndipo nilipokumbuka siku wazee walipomhoji. Wao walisema sanduku, sanduku. Yeye alisema alama. Hakuteleza hata mara moja. Nikamwambia, "Baba, unadhani muma una masikio kama ya wazee wa kokwet?"

Nikamsomea barua yako. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Huyo Makori bado anamsalimu?"

"Bado."

"Kila siku?"

"Kila siku, Baba."

Akainuka akaenda kumfunga ndama. Hatujaongea tena. Wazee wamenitumia ujumbe kwamba Jumamosi nitasoma kwanza, ndipo yeye aape. Sijui nitasema nini. Naomba utuombee hata kama wewe si mtu wa kanisa.

Rodah

---

Silibwet,
29 Machi 1996

Binti yangu,

Barua yako imenifikia leo, Ijumaa. Hii haitakufikia kabla ya kesho, lakini naiandika, maana Syprose ameniambia nikikaa bure nitaharibu kufuli za watu. Amesoma barua zote sasa. Nilimpa mwenyewe. Kisha akanipikia.

Chochote utakachokisema kesho, nitakijua kuwa kilikugharimu.

Gichana

---

Kimulot,
2 Aprili 1996

Mzee Gichana,

Imekwisha. Wacha nikusimulie kwa mpangilio, vinginevyo nitalia tena juu ya karatasi.

Tulikutana mpakani, wazee kumi na mmoja, majirani, na Mama Tabby na wanawe wawili waliosimama nyuma yake. Sanduku lilikuwa juu ya kiti cha shule. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, tusomee." Nikasimama. Nilikuwa nimeamua kusema elfu moja mia tisa hamsini na nne, na ninataka uamini hivyo, kwa sababu hakuna atakayejua kamwe.

Baba alisimama kabla sijafungua mdomo. "Ngoja, mwalimu," akasema. Hajawahi kuniita mwalimu maisha yake yote.

Kisha akawageukia wazee. "Huyu nilimsomesha kwa chai ya mistari hii minne, na mistari hii si yetu. Sasa kisomo hicho ndicho kimesoma sanduku. Ni la hamsini na nne. Baba yangu alikuwa ameshakufa. Nilizika mimi."

Mzee mmoja akamvuta koti. "Keti, Kipkosgei, jua limekuchosha." Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, apewe maji. Walikuwa tayari kumsaidia asiseme! Baba akautoa ule mkono kwenye koti lake, akachukua jembe, akahesabu hatua nane kwa sauti, akaanza kuchimba. Wana wa Mama Tabby walitaka kumpokea jembe, akakataa. Alipofika kina cha goti udongo ukabadilika, ukawa mweusi kama wa mekoni, na vipande vya makaa ambavyo hakuvimaliza kuvitoa mwaka ule vikaanza kutokea. Hakuna aliyehitaji kuapa tena.

Mama Tabby alisogea akatazama ndani ya shimo kwa muda mrefu. Nilidhani atamtukana baba, au atamshukuru, na sijui kipi kingeniumiza zaidi. Alinigeukia mimi akasema, "Tabby alikuwa anakushinda hesabu."

Ni kweli, mzee. Alikuwa ananishinda mbali. Nilikuwa nanakili kwake. Nimekuwa mwalimu kwa miaka ishirini na sijawahi kujiuliza kwa nini yule aliyekuwa wa kwanza ndiye aliyeacha. Nilipiga magoti pale pale kwenye matope nikalia, na mama huyo aliniacha nilie. Aliniinua baadaye, lakini si haraka.

Mistari minne imerudi kwake. Jumatatu asubuhi alienda kuichuma na kikapu chake, na baba alimpitia njiani wakasalimiana kama kawaida, ila baba alivua kofia.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kwako. Wazee wanataka sanduku na makaa virudi kwenye shimo la kweli. Mama Tabby akauliza, "Siku wajukuu wakilifukua, si litasema hamsini na nne tena, waanze upya kugombana?" Nikawaambia namjua mtu wa kuuliza.

Rodah

---

Silibwet,
11 Aprili 1996

Mwalimu Rodah,

Huyo mama angefaa sana stoo za jeshi.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta chapa nne za chuma, zimefungwa kwa gazeti. Ni moja, tisa, sita, na ya mwisho ni ile ya mshale, ambayo nililetewa zamani ikiwa chakavu nikaihifadhi bila sababu. Mshale usiupige. Nimeuweka ili mwone ulivyo tu, kisha unirudishie. Tisa utaipiga mara mbili. Pigeni chini ya mwaka wa zamani, wala msiufute. Acheni miaka yote miwili isomeke, wa kutengenezwa na wa kuzikwa, maana kilichowaletea shida ni kudhani ni kitu kimoja. Sanduku liwekwe juu ya gogo ili lisibonyee. Chapa isimame wima, nyundo ije mara moja tu. Ukipiga mara mbili namba inakuwa na kivuli. Na mpira upakeni mafuta ya ng'ombe kabla ya kufunga.

Nilimwambia Makori. Nilienda mwenyewe kwenye vitunguu vyake Jumatano asubuhi, kabla hajaniita. Aliniuliza bei ya kufuli. Nikamtajia. Akaja akanunua, akalipa, akaondoka bila kuaga. Wiki nzima hakunipungia mkono. Jana amerudi na kufuli, anasema inakwama. Haikuwa inakwama. Nimeitia mafuta, amekaa kwenye benchi langu akinywa chai ya Syprose mpaka ikaisha.

Gichana

---

Kimulot,
22 Aprili 1996

Mzee Gichana,

Nakurudishia chapa zote nne. Hesabu uone zimetimia.

Tulilizika Jumamosi. Wazee walitaka mimi nipige namba kwa kuwa ndiye mwenye kusoma, lakini baba akaomba nyundo. Mikono yake inatetemeka siku hizi, hata kikombe hakijazi. Sanduku lilikuwa linateleza juu ya gogo na hakuna aliyejua afanye nini, mpaka Mama Tabby alipopiga goti, akalishika kwa mikono miwili, vidole vyake karibu kabisa na chapa.

Baba akamwambia, "Nitakuumiza."

Akamjibu, "Piga."

Moja ilitoka vizuri. Tisa zote mbili zilitoka vizuri. Ya mwisho nyundo ilienda kando, sita ikalala upande kama mtu aliyechoka, lakini vidole vya mama vilikuwa salama. Baba akainama karibu sana, maana macho nayo yamepungua, akapapasa namba zile kwa kidole. Akauliza kama inasomeka.

Nilitaka kumjibu mimi, lakini hakuwa ameniuliza mimi. Mama Tabby alipangusa chuma kwa upindo wa leso yake, akasoma tarakimu moja moja, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Inasomeka," akamwambia.

Rodah